Mtaa wa Kijijini Usiokauka Februari: Mwongozo Kamili kwa Katekista na Wazee wa Kanisa

Kila mwaka mvua zikishika, maswali huja yale yale kutoka vijiji vya Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, mkoani Dodoma. Sadaka ya Jumapili imeshuka hadi sarafu. Katekista hajaona posho tangu Oktoba. Mgawo wa dayosisi, yaani fungu ambalo kanisa la kijiji hupeleka juu, haujapelekwa, baiskeli haina tairi, na kwenye kikao wazee wanatupiana macho. Majibu wanayopewa huwa mawili: ombeni zaidi, na hubirini fungu la kumi. Sina ugomvi nayo. Ila kumhubiria fungu la kumi mwezi wa Februari mtu ambaye ghala lake limebaki vumbi ni kumwongezea aibu juu ya njaa.

Mitaa mingi ya huku katikati ya nchi hupata cha kuishi nacho kwa kiasi. Tatizo ni kwamba kinaingia ndani ya miezi mitatu na kuliwa ndani ya minne, na inayobaki watu wanaishi kwa kudra. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukifikisha kile kilichoingia mpaka mavuno mengine, bila mtu yeyote kutiliwa shaka.

Nimeandika mtaa, yaani kanisa dogo la kijijini, na parishi iliyo juu yake. Wakatoliki wasome kigango na parokia, Walutheri wasome mtaa na usharika. Kazi ni ile ile.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Kaunta buku mbili: moja ya mapato na matumizi, nyingine ya nafaka na mifugo.
- Kitabu cha stakabadhi chenye nakala.
- Sanduku la sadaka lenye kufuli mbili zisizofanana.
- Karatasi ya manila na kalamu nene.
- Turubai moja, debe moja, na mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa (ile inayouzwa kwa jina la PICS).
- Chupa ya kioo yenye kifuniko, na chumvi ya mawe au ya unga.
- Baiskeli, pampu, viraka na gundi yake.
- Watu watano wasiotoka nyumba moja: katekista, mhazini, wazee wawili, na mama mmoja anayeheshimiwa.

Vitu hivi vyote vinapatikana Dodoma mjini, na vingi vinapatikana hata Kibaigwa siku ya soko. Kinachosumbua ni hao watu watano. Ukikosa mhazini anayejua kuandika vizuri, mchukue kijana aliyemaliza kidato cha nne akae pembeni ya mzee. Kijana aandike, mzee atie sahihi. Usiache kazi ya kuandika ikamwangukia katekista, hata kama ndiye msomi pekee. Sababu utaiona Hatua ya 2.

## Hatua ya 1: Chora kalenda ya kijiji chako

Tandika manila mezani, chora miezi kumi na miwili, na uanze na Juni. Januari ni mwaka wa ofisini. Mtaa wa mkulima huanza mwaka pale chakula kinapoingia ndani.

Chini ya kila mwezi andika wanachofanya watu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili, na mwaka wa kawaida hupata kama milimita 500 hadi 600. Kupanda ni Desemba. Januari na Februari ni palizi, ada na madaftari ya watoto, na ndiyo kilele cha njaa. Kuanzia Mei watu wanavuna. Mtama na uwele hupurwa Juni na Julai, na alizeti inauzwa. Kama mtaa wako uko upande wa zabibu, tuseme Hombolo, Mpunguzi au Mvumi, kalenda yenu ni tofauti: zabibu huvunwa mara mbili, karibu Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Usinakili kalenda ya jirani.

Sasa chukua daftari la mwaka jana uandike sadaka ya kila mwezi juu ya kazi za mwezi huo. Hapa ndipo wazee wengi hunyamaza kidogo. Mfano: mtaa umekusanya shilingi 1,440,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa kumi na mbili unapata 120,000 kwa mwezi, na bajeti nyingi huandikwa hivyo. Lakini Juni, Julai na Agosti ziliingia 300,000 kila mwezi, na ile tisa iliyobaki 60,000 tu. Maana yake, kila mwezi wa mavuno 180,000 si zako. Ni za Novemba, Januari na Machi, zimetangulia kufika.

Hadhari: kama daftari la mwaka jana halipo au lina kurasa zilizochanwa, usianze kumtafuta mchawi. Anza na mwaka huu. Vikao vya kuchimba ya zamani vimevunja mitaa mingi kuliko umaskini.

Utajua umefaulu pale kila mzee anapoweza kusema bila kusoma: miezi yetu ya kuweka ni hii, ya kula akiba ni hii.

## Hatua ya 2: Hesabu sadaka mbele ya macho ya watu

Usiivuke hatua hii. Fedha ikiwa ndogo, shaka huwa kubwa. Elfu tano isiyojulikana ilikokwenda huzungumzwa kisimani mwaka mzima. Na mtu mwenye shaka hapunguzi sadaka kwa kelele. Anaacha tu kuileta.

1. Sanduku lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwa mhazini, mwingine kwa mzee. Katekista hashiki wowote.
2. Baada ya baraka, meza inaletwa mbele na kuhesabu kunafanyika palepale, si nyumbani, si kesho. Wanahesabu watatu.
3. Kiasi kinaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, wote watatu wanatia sahihi. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba.
4. Mapato yanasomwa Jumapili inayofuata na karatasi inabandikwa mlangoni. Ibada ikiwa chini ya mti, mzee asome mara mbili.
5. Kila kinachotoka kina stakabadhi au maelezo yenye sahihi ya aliyepokea.

Kwa nini katekista asiguse? Kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kusemwa, na akishasemwa, hata mahubiri yake hayasikiki tena. Mtume Paulo alipopeleka mchango wa makanisa hakuubeba peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, na katika 2 Wakorintho 8 anaeleza wazi kwamba alitaka asipatikane mtu wa kumlaumu. Kama Paulo alihitaji mashahidi, katekista wa mtaa wetu naye anawahitaji.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kutoa fedha kabla haijaandikwa. Mgeni amefika kutoka parishini, mtu anasema, "Chukueni elfu kumi humo kapuni tumpe ya nauli." Mgeni apewe nauli, ndiyo. Lakini kwanza sadaka yote iandikwe, halafu nauli iandikwe kama matumizi. Ukitoa kabla ya kuandika, daftari linasema uongo hata kama mwandishi ni mkweli.

Kuhusu sadaka za simu: laini ikisajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole vya mtu mmoja, kisheria ni ya mtu huyo. Akifariki au akihamia Morogoro na familia yake, mtaa unabaki unapiga simu. Uliza parishi kama dayosisi ina namba ya malipo ya kanisa mnayoweza kutumia. Ikishindikana, fungueni akaunti ya kikundi ambayo kutoa fedha kunataka idhini ya zaidi ya mtu mmoja. M-Koba, huduma ya simu ya akiba za vikundi, ni mojawapo. Na miamala ya simu isomwe Jumapili pamoja na ya sandukuni.

Utajua umefaulu ukimuuliza bibi anayekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, sadaka ya juma lililopita ilikuwa ngapi, naye akakutajia.

## Hatua ya 3: Sikukuu ya mavuno ipangwe na shamba, si na ratiba

Sadaka ya mavuno ndiyo mshahara wa mwaka wa mtaa. Ukiikosea, hakuna harambee itakayoifidia.

Tarehe kwanza. Mitaa mingine hufanya mavuno Mei kwa sababu parishi imepanga hivyo, wakati mtama bado uko shambani na watu wanalinda ndege. Watu hutoa kile walichonacho siku hiyo, yaani mia tano. Ongea na mchungaji mapema, mwonyeshe ile manila, umwombe tarehe ya baada ya kupura. Wachungaji wengi husikiliza wakionyeshwa kitu kilichoandikwa.

Mwezi mmoja kabla, tangaza mavuno yatafanya nini. Usiseme "kwa kazi ya Mungu" ukaishia hapo. Sema: magunia mawili ya katekista, gunia moja na nusu la wajane na wagonjwa, mgawo wa dayosisi, tairi mbili. Mtu akijua debe lake linakwenda wapi hulijaza vizuri.

Siku yenyewe, tenga vilivyokuja katika mafungu matatu.

Vya kunadi palepale: kuku, mayai, maboga, mboga, matango, karanga mbichi, maziwa. Vinaharibika au vinakula, kwa hiyo viuzwe. Mnada ni raha ya ibada hii na usiukatae. Mtoto wa kijiji aliyekuja kutoka mjini atanunua jogoo kwa elfu hamsini na kumrudisha anadiwe tena, na watu watapiga vigelegele. Sawa kabisa. Ila msimamizi wa mnada asitaje nani alileta nini. Mjane aliyeleta nusu debe la uwele ametoa sehemu kubwa ya chakula chake, na kicheko kimoja cha mnadi kinamfukuza kanisani.

Vya kuhifadhi: mahindi, mtama, uwele, karanga kavu. Hivi msivinadi siku hiyo. Juni na Julai kila mtu anauza, kwa hiyo bei iko chini. Kuanzia Desemba wengi wananunua. Msiweke zote lakini. Bei inaweza kushuka bila taarifa, na panya hawana dini. Kadirio langu: uzeni theluthi moja ili mlipe mgawo na madeni, theluthi mbili zikae.

Mifugo: uzeni mnadani juma hilohilo. Najua inauma kumuuza mbuzi jike mwenye mimba. Lakini mbuzi wa kanisa akiachwa zizini kwa mtu, fisi akija atamchukua yeye. Ugonjwa ukija, atakufa yeye. Mbuzi wa mwenye zizi huwa hana bahati mbaya ya namna hiyo.

Mnapouza nafaka, uzeni kwa mizani. Gunia ni kilo 100. Mnunuzi akileta gunia lililoshonewa kofia juu, hiyo ni lumbesa, sheria ya vipimo inaikataza, na ni kilo za mjane zinazokwenda bure.

## Hatua ya 4: Hifadhi nafaka kana kwamba ni dawa

Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumukuvu. Hii ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizokaushwa vibaya au kulowana ghalani. Haiondoki kwa kupika. Kanisa likigawa mahindi mabovu kwa wagonjwa, limewadhuru walewale lililokusudia kuwasaidia. Kwa hiyo nenda taratibu hapa.

1. Kausha juu ya turubai, kamwe si juu ya ardhi tupu, hata kama jua ni kali. Udongo una unyevu na vimelea vya ukungu.
2. Chambua kwa mkono. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitoke. Kina mama hufanya kazi hii vizuri kuliko wanaume na kwa haraka zaidi, wapeni chai.
3. Pima unyevu kwa chumvi. Kausha chumvi juani au kikaangoni, iache ipoe. Weka vijiko vichache ndani ya chupa kavu ya kioo, ongeza punje mpaka kama theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika kadhaa, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, nafaka bado ni mbichi, irudi juani. Chumvi ikibaki chini bila kunata, weka mifukoni.
4. Jaza mfuko na uufunge. Mfuko wa PICS una tabaka mbili za nailoni ndani na moja la nje la kawaida. Funga la ndani kwanza ukikamua hewa, halafu la pili, halafu la nje. Wadudu wanakufa kwa kukosa hewa, kwa hiyo dawa haihitajiki. Dawa za unga kwenye chakula cha kugawia watu ni bora ziachwe.
5. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta. Nyumba ya tembe hutunza ubaridi vizuri, lakini chunguza dari kabla ya mvua.
6. Andika kila mfuko: namba, aina, kilo, tarehe. Namba hizo ziwe pia kwenye ile kaunta buku ya pili.

Hadhari: msifungue mfuko kuchungulia kama dumuzi wameingia. Kila ukifungua unawapelekea hewa. Na msitunze mifuko yote nyumba moja. Nusu kwa mzee mmoja, nusu kwa mwingine, wake zao wote wawili wakijua idadi.

Utajua umefaulu Desemba, mfuko wa kwanza ukifunguliwa na nafaka ikatoka bila vumbi wala harufu.

## Hatua ya 5: Panga nani analipwa kwanza

Andikeni mpangilio huu na muupitishe kwenye kikao kabla fedha haijaingia. Ikishaingia, kila mtu ana dharura.

Mgawo wa dayosisi au parishi ulipwe Julai, wote kwa mara moja. Mtaa usiodaiwa husikilizwa hata ukiomba mchungaji aje kubatiza.

Pili ni katekista. Kumwahidi fedha taslimu kila mwezi ni kumdanganya, kwa sababu hamna. Afadhali posho yenye sehemu tatu: magunia mawili ya nafaka wakati wa mavuno, fedha kidogo isiyokatika hata Februari, na ekari moja inayolimwa na washarika kwa zamu mvua za kwanza. Ile ekari ndiyo inayosahaulika. Panga siku mbili za Desemba, kila jumuiya ilete watu kumi na majembe yao. Ekari inalimwa na kupandwa kabla watu hawajazama mashambani kwao. Na katekista mwenyewe awe na kazi ya mikono bila kuona haya. Paulo alishona mahema pamoja na Akila na Prisila kule Korintho, na hakuna aliyesema hajaitwa.

Tatu ni wahitaji (tazama Hatua ya 7), nne ni baiskeli na safari. Mengine yote yanangoja.

Na "mengine yote" ni pamoja na sare za kwaya. Najua nitachukiwa. Lakini hakuna kitu kinachomaliza fedha za mtaa mdogo kama sare mpya za uinjilisti wa mjini, vikifuatiwa kwa karibu na kinanda na spika katika kijiji kisicho na umeme wa uhakika. Mna ngoma, zeze, marimba na kayamba. Wagogo wanajulikana nchi nzima kwa kuimba, na waliimba hivyo kabla ya betri. Kwaya ikitaka sare, ilime ekari yake ya alizeti na inunue kwa jasho lake. Nimeona hamasa ikipanda kwa njia hiyo kuliko kwa bajeti yoyote.

## Hatua ya 6: Punguza huduma miezi ya kilimo

Kuanzia Desemba hadi Machi funga vikao vya katikati ya juma. Semina, makongamano, mikesha ya michango, vyote vihamie Agosti na Septemba, watu wakiwa na nafasi na chakula. Mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri hawezi kuja kikao cha saa kumi, na ukimwandika kama mtoro unamwonea.

Vitu vinne havifungwi: ibada ya Jumapili, kutembelea wagonjwa, misiba, na mafundisho ya watoto. Ibada ianze saa moja asubuhi na iishe kabla ya saa tatu. Katekista atembelee watu shambani. Dakika kumi chini ya mti, maombi, salamu, na apalilie mistari miwili mitatu kabla ya kuondoka. Kaya zilizohamia mashamba ya mbali kwa msimu, ziandikwe, na kila moja ifikiwe angalau mara moja kabla ya Pasaka. Ndiyo maana baiskeli iko kwenye orodha ya vifaa.

## Hatua ya 7: Fungua akiba ya wahitaji kwa utaratibu

Majina yaletwe na viongozi wa jumuiya, maana wanajua nyumba ambayo moshi hautoki. Wakae watatu, waamue, wasitangaze. Chakula kipelekwe jioni na mama mmoja wa kamati, bila picha na bila msafara. Asiyekuwa mshirika wenu lakini ni mgonjwa au mzee asiye na mtu, aingie kwenye orodha. Njaa haiulizi dhehebu.

Kwa kaya zenye nguvu lakini zimeishiwa, kopesheni debe kwa debe: anachukua moja Januari, anarudisha moja Julai, bila nyongeza. Vijijini wapo wanaotoa debe moja wakati wa njaa na kudai mawili au matatu wakati wa mavuno, na familia ikishaingia humo hutoka kwa shida. Andika mkopo kwenye daftari la nafaka, mkopaji na mwenzi wake wote waweke sahihi. Asiyerudisha kwa sababu mvua imekata, aongezewe mwaka. Asiyerudisha wakati amevuna, azungumziwe na wazee wawili nyumbani kwake, si madhabahuni.

Pimeni kasi: kama mna mifuko minane na miezi minne ya njaa, ni miwili kwa mwezi. Desemba isile ya Machi.

## Hatua ya 8: Kiwanja kabla ya jengo, bati kabla ya mvua

Mshirika akisema kwa furaha, "Chukueni pale kwangu mjenge," mshukuruni, kisha mwandikishe. Akifariki, watoto wake hawatakumbuka maneno. Andikeni makabidhiano yenye vipimo na majirani wa pande zote nne, yeye na mwenzi wake na watoto wakubwa watie sahihi, mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Kisha peleka kwa halmashauri ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa hiyo omba nakala ya muhtasari wa mkutano huo yenye mhuri. Nyaraka zipelekwe dayosisini ziandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa. Zisiandikwe kwa jina la katekista, wala la mzee wa kanisa, hata awe mtakatifu kiasi gani.

Ujenzi: msingi Julai, kuta Agosti na Septemba, bati kabla ya katikati ya Novemba. Kama fedha ya bati haijakamilika Septemba, msipandishe kuta. Tofali za udongo zilizoachwa wazi mvua ya Desemba inazirudisha kuwa udongo, na kazi ya watu inakwenda nayo. Salini chini ya mbuyu mwaka mwingine mmoja. Mbao zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kupandishwa. Dodoma mchwa hawachelewi.

Bati likishakaa, weka mfereji wa maji. Paa la mita 8 kwa 12 ni mita za mraba 96, na kila milimita ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hata ukipoteza robo, mvua ya milimita 28 inajaza simtanki la lita 2,000. Maji ya kwanza ya msimu yaachwe yamwagike, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

## Hatua ya 9: Misaada ya nje

Ikija, ipokeeni kwa stakabadhi, itumike kwa kilichotajwa tu, na taarifa iandikwe ndani ya mwezi mmoja hata kama hawakuidai. Msianzishe posho ya mtu yeyote kwa fedha ya rafiki wa mbali. Siku akikoma, mtaa unabaki na deni na mtu mwenye uchungu. Fedha ya namna hiyo iende kwenye bati, tangi au baiskeli, vitu vinavyobaki.

## Hatua ya 10: Kikao cha Novemba

Jumamosi moja kabla mvua hazijaanza, wale watano wakae na madaftari mawili na ile manila. Mambo ya kuangalia ni machache.

Hesabu fedha iliyopo, linganisha na iliyoandikwa. Hesabu mifuko kwa kuigusa, nyumba zote mbili. Gawa kilichobaki kwa miezi iliyobaki hadi Juni. Kikipungua, kateni sasa, kuanzia chini ya mpangilio wa Hatua ya 5: posho za vikao na mengine kwanza, halafu safari. Posho ya katekista ipunguzwe kwa kumwambia uso kwa uso, kabla hajaisikia kwa jirani, na palepale mkubaliane siku za kumlimia ekari yake.

Ikikutwa tofauti kati ya daftari na sanduku, iandikwe ilivyo, kwa kalamu, bila kufuta, na mchungaji wa parishi ajulishwe juma hilo. Msijaze pengo kwa fedha za mfukoni ili hesabu zikae sawa. Mkifanya hivyo mara moja, mwaka ujao pengo litakuwa kubwa zaidi na hakutakuwa na rekodi ya lilipoanzia.

Mwisho wa kikao, kabla hamjaomba, mhazini akabidhi ufunguo wake kwa mwingine mbele ya wote na kupokea tena. Asipokuwa nao, kufuli hiyo ibadilishwe kabla ya Jumapili.